Petro Hakungoja Mashua Ifike

Wapendwa, chukueni Injili ya Yohana, fungueni sura ya 21, someni taratibu. Mkimaliza, rudini hapa.

Wanafunzi saba wamekesha kwenye bahari ya Tiberia na hawakuambulia hata dagaa. Kunapambazuka. Mtu amesimama ufukweni, anawauliza kama wana kitoweo, kisha anawaelekeza watupe jarife upande wa kuume wa chombo. Jarife linajaa hadi halivutiki. Yule mwanafunzi aliyependwa anatambua ni nani, anamwambia Petro. Na Petro, ambaye alikuwa amevua nguo kwa ajili ya kazi, anajifunga vazi lake na kujitupa majini. Nchi kavu ilikuwa dhiraa mia mbili hivi, tuseme mita 90. Wenzake walikuja na mashua wakikokota samaki, kama watu wazima. Yohana hatuambii kama Petro aliogelea njia nzima au alifika penye kina kifupi akaanza kukimbia, vazi limemgandama mapajani. Anachotuambia ni kwamba hakungoja.

Sasa kumbukeni ni nani huyu anayeruka. Siku chache tu nyuma, akiota moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu, aliulizwa mara tatu kama anamjua Yesu, na mara tatu akakana. Kati ya wote saba, yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kubaki nyuma ya lile rundo la samaki, ajifanye ana shughuli na kamba, wengine watangulie kusalimia. Aibu ilikuwa yake. Deni lilikuwa lake. Na yeye ndiye aliyetangulia kufika!

Ninawaandikia ninyi mliokawia. Ninakuandikia wewe uliyekuwa ukiogelea tangu utoto, ukaacha, na sasa ukipita kando ya maji unageuza uso. Ninakuandikia wewe mwenye mama Kibondo, mwenye shangazi Lushoto, mwenye kaka Ifakara, na mara ya mwisho ulipowaona ilikuwa kwenye mazishi. Mara nyingi hao niliowataja si watu wawili. Ni mtu mmoja.

Kuna kitu kinaitwa aibu ya kukawia. Haimo katika dhambi tunazozitaja kwa sauti kabla ya maondoleo, lakini nimeiona ikiwafunga watu wazima wenye kazi zao na heshima zao. Sikilizeni inavyofanya kazi. Mwaka wa kwanza hukwenda nyumbani kwa sababu ya ada za watoto. Mwaka wa pili hukwenda kwa sababu ya kiwanja. Mwaka wa tatu huendi, na si kwa sababu ya ada tena wala kiwanja. Huendi kwa sababu hukwenda ile miaka miwili. Utasema nini ukifika? Utaanzia wapi? Basi unangoja upate sababu kubwa, yenye uzito wa kufunika ukimya wako wote, na sababu hiyo mara nyingi inakuja ikiwa ndani ya jeneza.

Na maji ni hivyo hivyo. Uliacha kuogelea ulipoanza kazi. Baadaye tumbo likatangulia. Sasa hutaki kuingia majini mpaka tumbo lirudi lilikotoka, na tumbo halirudi kwa kukaa kwenye kiti cha plastiki Coco Beach ukila mihogo na kutazama watoto wa wenzako wakiruka mawimbi. Unasema, kwanza nipungue kidogo. Anayekawia kwenda nyumbani naye anasema, kwanza nipate kitu cha kwenda nacho. Kwanza nijiweke sawa! Nani aliwafundisha neno hili? Petro hakujiweka sawa. Alikwenda akiwa amelowa chapachapa, hajaoga baada ya kukesha kazini, na kesi yake haijasikilizwa.

Tena angalieni alichokikuta ufukweni. Moto wa makaa umeshawaka. Samaki wako juu yake, na mkate upo. Walipohesabu samaki wa jarife walipata 153, lakini wale waliokuwa motoni hawakutoka katika jarife hilo. Walikuwa wameandaliwa kabla. Hakuulizwa amekuja na nini. Na lile swali zito, ambalo Petro alilistahili, liliulizwa baada ya kula. Kwanza walikula. Ninyi mnaoogopa maswali ya nyumbani, shikeni hapo.

Nianze na maji, maana najua wapo watakaouliza mchungaji anatafuta nini kwenye mambo ya kuogelea. Tumezoea mahubiri yanayoutaja mwili kana kwamba una kazi moja tu, kututia majaribuni. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kuwa mwili ni hekalu. Hekalu la matofali tunalichangia bati, tunalipaka rangi, tunagombana kuhusu rangi yenyewe. Hili jingine tunalipandisha ngazi za ofisini likihema, tunalishindia chipsi na soda, likilalamika tunaliambia ni uzee. Miaka 45 na tayari ni uzee!

Katika usharika wetu yuko mama mmoja, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Ukerewe. Mtoto wa kisiwani hakumbuki siku aliyojifunza kuogelea, kama sisi wengine tusivyokumbuka siku tuliyojifunza kutembea. Alikuja Dar es Salaam kufundisha, akaolewa, akajenga karibu na bahari kiasi kwamba usiku ukitulia anaisikia, na kwa miaka yote hiyo hakulowesha zaidi ya nyayo. Magoti yalipoanza kumsumbua, daktari akamshauri afanye mazoezi majini. Akacheka. Mtu mzima wa umri wangu, akasema, nikaonekane nacheza na watoto?

Jumamosi moja asubuhi mkwe wake, mke wa mwanawe, alimchukua kwa pantoni mpaka Kigamboni. Mama amevaa suruali ya mazoezi, fulana ndefu ya kiume, na kitambaa kichwani amekikaza kama mtu anayekwenda kulima. Wakaingia polepole, ameshika kiwiko cha binti. Maji yalipofika kiunoni akasimama kabisa, hataki kuendelea wala kurudi, midomo inasoma kitu. Kisha akaachia kile kiwiko. Akalala chali. Miguu ikapanda yenyewe juu ya maji, vidole vikachomoza, na yule binti, ambaye hajui kuogelea hata kidogo, akabaki ameshika mdomo. Mama alielea pale kwa muda, anatazama mbingu. Aliposimama alisema maji ya chumvi yanambeba kuliko ya ziwa, na hilo ni kweli, maji ya bahari ni mazito zaidi. Kisha akasema, "Kumbe bado ninaweza." Basi. Hakutoa ushuhuda mrefu. Jumamosi iliyofuata alimpigia mkwe wake simu mapema kumwamsha.

Mwili haukusahau, wapendwa. Ulipungukiwa pumzi, ulilegea misuli, lakini namna ya kukata maji uliyoipata utotoni imo humo ndani bado. Ni wewe uliyeamua kwamba imekwisha.

Sasa someni Ezekieli 47. Nabii anaongozwa ndani ya mto unaotoka chini ya kizingiti cha hekalu. Mtu mwenye kamba ya kupimia anapima dhiraa elfu moja, maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Anapima elfu nyingine, yanafika magotini. Elfu nyingine, viunoni. Na baada ya elfu ya nne, mto haupitiki tena kwa miguu. Umekuwa maji ya kuogelea. Nabii hakutupwa kilindini siku ya kwanza! Alipelekwa kwa vipimo. Na aliyeumba maji aliyaumba hivi: yakifika kiunoni, yanakubebea karibu nusu ya uzito wa mwili wako. Yakifika kifuani, magoti yako yanabaki na theluthi hivi, au chini ya hapo. Yakifika shingoni, unabeba kama sehemu moja tu ya kumi. Wewe mwenye kilo 90, ambaye kila hatua barabarani inakuuma, ukisimama humo magoti yako yanabeba kilo tisa, uzito wa mtoto mchanga wa miezi minane. Halafu unasema kuogelea ni kwa watu wembamba? Ni kwa ajili yako maji hayo yaliwekwa!

Basi rudini, lakini rudini kwa akili. Usianze kwa mwendo uliokuwa nao ulipokuwa kidato cha nne. Wanaorudi majini huchoka kwa pumzi kabla ya mikono: mtu anaziba pumzi kichwa kikiwa chini, akiinuka anataka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja, anababaika, anakata tamaa. Toa pumzi humo humo majini, taratibu, kwa pua na mdomo. Ukiinua uso uwe na kazi moja tu, kuvuta. Kata kidogo, elea chali, pumzika, kata tena. Usiende peke yako. Usiingie umelewa, na hili nalisema kwa Wakristo. Ulizeni maji kabla ya kuondoka nyumbani: siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na ufuko uliouacha asubuhi siyo utakaoukuta mchana. Mkondo ukikuvuta kwenda nje usishindane nao uso kwa uso. Ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke kwenye njia yake, ndipo ugeuke. Wa ziwani, waulizeni wenyeji kuhusu mamba, na mkapime kichocho, dawa yake ipo.

Na watoto wenu je? Mzazi anayesema "usikaribie maji" na kuishia hapo amefanya nusu ya kazi. Mwaka 2021, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na watoto ni wengi mno kati yao. Sisi hatuhitaji takwimu za dunia. Tarehe 21 Mei 1996 tulipoteza mamia ndani ya MV Bukoba karibu na Mwanza. Usiku wa Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa huku ndugu zao wakiona. Walikuwa watu wanaotoka sokoni kwenda nyumbani. Sisemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Chombo kilichojaza kupita kiasi ni dhambi ya watu wengine, na hao wataulizwa. Ila nasema mtoto anayekulia kando ya maji bila kujua kuelea ni deni letu sisi wazazi.

Hasa mtoto wa kike. Kaka zake wanarukia majini Forodhani na Mwanza mjini, yeye anaambiwa akae ashike nguo zao. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kufunika mwili mzima, wakishika madumu matupu ya plastiki ili waelee. Walimu wakawa wanawake wenzao. Heshima haikuvunjika, dini haikuguswa, na binti anajua kuelea. Mkiweza kununua sare ya kwaya, mnaweza kununua na vazi hili.

Nimekaa sana majini. Twende nyumbani.

Tuna methali yetu inayotutesa: mkono mtupu haulambwi. Wahenga walikuwa na maana yao, lakini sisi tumeifanya sheria ya kuwakimbia wazazi. Mtu ana nauli mfukoni, ana siku nne za likizo, na haendi, kwa sababu hawezi kufika bila kilo kumi za mchele, kitenge cha mama, shuka la baba, na noti za wale wote watakaokuja kusalimia. Anahofia macho ya kijiji. Anajua fulani alikuja na gari. Jibuni swali hili: Mariamu alipofunga safari kwenda nchi ya milimani kumtembelea Elisabeti, alibeba nini? Luka, aliyekuwa mwangalifu wa kuandika kila jambo, hakuandika mzigo wowote. Aliandika salamu. Alisema sauti ya salamu ilisikika, na mtoto aliyekuwa tumboni mwa Elisabeti akaruka kwa furaha. Kisha Mariamu akakaa karibu miezi mitatu. Salamu na kukaa! Hivyo viwili ndivyo alivyopeleka, na hivyo viwili ndivyo sisi tunavyovinyima nyumba zetu huku tukituma vingine vyote.

Maana kutuma tunatuma. Tangu pesa za simu ziingie nchini mwaka 2008 tumekuwa mabingwa wa kutuma. Simpingi anayetuma, kuna wazazi wanaokula kwa sababu hiyo, na Mungu awabariki wenye kutuma. Lakini hebu mfuate ule ujumbe wako mpaka unakofika. Simu inalia juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Mzee hasomi bila miwani, na miwani ina mkono mmoja, anamwita mjukuu. Mjukuu anasoma kiasi. Anasoma jina la aliyetuma, majina matatu kwa herufi kubwa kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mzee anaomba arudiwe. Yeye mtoto wake anaitwa Doto. Humo kwenye ujumbe hakuna Doto. Mjukuu anamaliza kusoma salio na namba ya muamala, anaweka simu chini, anarudi kucheza. Na wewe huku mjini umeweka na pesa ya kutolea, umeridhika, umeona umefika.

Hujafika. Asiyekuwepo na lake halipo.

Msiniambie safari ni ngumu, walau si kama ilivyokuwa. Baba zetu walipanda malori ya mkaa. Mabasi yaliyokuwa yamezuiwa kusafiri usiku kwa miaka mingi yameruhusiwa tena tangu Oktoba 2023. Treni ya umeme inatoka Dar es Salaam asubuhi na kabla ya mchana umeshuka Dodoma. Safari iliyokula siku nzima sasa ni saa nne au pungufu. Najua anayekwenda Kigoma au Bukoba bado anakaa kwenye kiti mpaka miguu inavimba, na nauli ya familia ya watu watano si mchezo. Basi usiende na familia yote. Nenda peke yako, safari ijayo nenda na mtoto mmoja. Wachaga wametushinda katika hili, tukubali: kila Desemba wanaziba barabara ya kwenda Moshi, tunawacheka, nao wanafika kwao, watoto wao wanawajua babu zao kwa sura. Ingawa na wao niwaambie, mama yako hayupo hai mwezi wa kumi na mbili tu.

Nami ninachukizwa, niseme wazi, na namna tunavyowahi mazishi. Akifa mtu, kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku ule ule. Mweka hazina anapatikana bila uchaguzi. Kufikia asubuhi mchango umetimia, mabasi mawili yamekodiwa, fundi anashona sare za vitenge bila kulala, mpiga picha yupo. Fedha hii yote ilikuwa wapi mwaka jana, marehemu alipokuwa amekaa kibarazani akiuliza swali moja tu, mnakuja lini? Tunaomba ruhusa kazini kwa ajili ya msiba bila kusitasita, na bosi anatoa. Nani amewahi kuomba siku mbili akasema, nakwenda kumsalimia shangazi yangu, ni mzima? Jaribuni! Ndugu zetu Waislamu wanakuita huku kuunga udugu, na kuukata kwao ni dhambi kubwa. Katika hili msikiti wa jirani unahubiri sawasawa na sisi, na pengine unahubiri zaidi.

Sasa nizungumze na mwenye kidonda. Wapo ambao hawaendi nyumbani kwa sababu nyumbani palimwumiza. Kama aliyekudhulumu utotoni yupo pale na hajatubu, sikuamuru ukalale chini ya dari lake, na mchungaji yeyote anayekuamuru hivyo kwa jina la kuheshimu wazazi anakosea. Mwone mama yako kwingine. Mwite mdogo wako mjini. Kutembelea ndugu si kujirudisha kwenye mkono uliokupiga. Lakini wengi wenu, tusidanganyane, hamna kidonda cha namna hiyo. Mna kesi ya shamba. Mna maneno aliyoyasema wifi kwenye kikao cha harusi. Mna kaka aliyeuza ng'ombe wa marehemu baba bila kuwashirikisha. Hayo ni ya kweli, na hayataisha kwa ninyi kukaa mbali. Ugomvi wa ukoo haufi kwa kukosa wa kuulisha, unapokewa na watoto. Esau alikuwa na kila haki ya kumpiga Yakobo. Yakobo alikuja akichechemea, ametanguliza mifugo, mamia ya mbuzi na kondoo, ngamia na ng'ombe, akidhani atanunua msamaha. Esau alimkimbilia, akamwangukia shingoni, na mifugo akaiuliza baadaye: ya nini hii yote? Angetosha Yakobo mwenyewe.

Mkifika, kaeni. Nasema kaeni! Ile desturi ya kufika saa tano, kupiga picha na bibi, kula wali na kuku aliyechinjwa kwa haraka, na kuondoka saa tisa kwa sababu ya foleni, hiyo ni ziara ya mkuu wa wilaya. Lala pale. Lala kwenye godoro lile lenye bonde katikati. Amka na wenyeji, ubebe ndoo, uketi jikoni kwenye moshi ukate mboga, maana mambo ambayo mama hakusema sebuleni atayasema jikoni akiwa amekupa mgongo. Usikague nyumba kama mthamini wa benki. Ukiona paa linavuja, usilitangaze, tafuta fundi. Muulize mzee mambo yake, si afya yake tu: alimwonaje mama kwa mara ya kwanza, mto ule waliuvukaje kabla ya daraja, nani alimfundisha kuogelea. Wakikuambia umenenepa, itikia, umenenepa kweli. Wakikuuliza kwa nini umepotea, usijitetee. Sema, "Nimekawia, nisameheni, sasa nimekuja." Hakuna mama aliyewahi kudai maelezo zaidi ya hayo chakula kikiwa mezani.

Na kama kwenu kuna maji, nendeni mkaogelee pamoja. Mchukue kaka yako aliyeuza ng'ombe, mteremke mpaka pale mlipokuwa mkitoroka shule, mvue mashati, watu wazima wenye mvi vifuani. Ni vigumu kuendeleza kesi ya shamba na mtu anayekurushia maji. Waiteni watoto waje waone kwamba baba zao walikuwa watoto. Kuna mambo ambayo kikao cha ukoo chenye mwenyekiti na katibu hakiwezi, na maji ya kiunoni yanaweza.

Vijana mnaosoma hapa mkidhani haya ni ya wazee, nanyi mnahesabiwa. Mlioko Muscat, mlioko Doha, mlioko Minneapolis, ambao nauli kwenu ni jambo la miaka, pigeni simu inayoonyesha sura, na msipige mkiwa mnaendesha gari. Pigeni mkiwa mmekaa. Mwambieni mdogo wenu amshikie bibi simu vizuri, isionyeshe dari. Na mwenye makaratasi yanayomruhusu kurudi, arudi, asingoje ghorofa likamilike.

Wengine mtasoma hadi hapa na kusema, mtumishi amenena vema, kisha mtakunja karatasi na kufungia vitumbua. Kwa hiyo nataja kazi kabla hamjakunja. Leo, kabla ya kulala, mpigie mtu mmoja wa kwenu ambaye unaona haya kumpigia. Usimtumie ujumbe. Akipokea, usianze na sababu. Anza na shikamoo, au na jina lake la utotoni. Mwambie tarehe. Tarehe kamili, siyo "Mungu akipenda mwezi ujao". Kesho asubuhi nenda stendi ukakate tiketi, ulipe, maana asiyelipa hubadili mawazo. Jumamosi nenda majini na mtu anayejua kuogelea, ingia mpaka kiunoni, usimame hapo mpaka moyo utulie, kisha ulale chali. Hujachelewa, na hata kama umechelewa, nenda hivyo hivyo.

Na mwezi huu usitume na ya kutolea. Panda basi, upeleke mwenyewe.